Tumepata fungu dogo la laptopu za kuandikia programu dhibiti huria: tununue zipi, na zimilikiwe na nani?

kitufe_cha_kuwasha:

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kushika klipu na kuflashi chipu, yaani kuiandikia programu mpya, kwa mikono yao, maana jambo hili nikilipanga vibaya litawagusa wengi.

Sisi ni kikundi kidogo cha watu wa kujitolea. Kila mmoja ana kazi inayomlisha, na muda unaobaki tunaupeleka kwenye programu dhibiti huria, hasa coreboot: ule msimbo unaoamka kabla ya mfumo endeshi, ukaianzisha RAM na kuikabidhi mashine kwa Linux. Shida yetu ya siku zote ni vifaa. Kila mtu anajaribia kwenye laptopu yake mwenyewe, ile ile yenye kazi za mwajiri na picha za watoto, kwa hiyo hakuna anayethubutu. Mtu anaandika kiraka kizuri, yaani badiliko la msimbo, kinapanda Gerrit, tovuti ambako viraka hukaguliwa, kinakaa pale kikisubiri mtu wa kukijaribu kwenye mashine halisi, na wakati huo msimbo mkuu unasonga mbele hadi kiraka kinachakaa. Nimewaona wenzetu wenye uwezo mkubwa wakijiondoa taratibu kwa sababu hiyo tu. Hawakugombana na mtu, hawakuchoka na msimbo. Walikosa mashine ya kuumiza.

Sasa amepatikana wa kutufadhili vifaa. Fungu linatosha ama laptopu mpya kabisa kwa watu wachache, ama laptopu zilizotumika kwa karibu wote. Kikundi kimegawanyika. Kuna wanaosema mtu anayetoa usiku wake bure anastahili mashine mpya yenye kasi, na kwamba kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu ya mashine, kwenye prosesa ya zamani ni mateso. Kuna wanaosema ThinkPad za zamani zinatosha, zimezoeleka na vipuri vyake vipo. Mimi ndiye nimepewa kalamu ya kuandika bajeti.

Ninachotaka kujua ni kipi hasa cha kutazama kabla ya kununua, na kama kuna vitu vidogo vidogo tunavyovisahau kwenye bajeti. Halafu hili la umiliki linaninyima usingizi: laptopu ikishafika kwa mtu, ni yake au ni ya mradi? Na fungu likiisha, wenzetu mnapata wapi jingine?

---

mtunza_kabati:

Mkuu, swali lako nimelisoma kwa furaha, kwa sababu kazi yangu kwenye mradi wetu ndiyo hiyo: natunza kabati la mashine za majaribio, nazitoa, nazipokea, nazifufua. Nitakujibu kwa urefu.

Kwanza hili la kasi liweke pembeni. Kinachokula muda ni kujenga seti ya vikompaila ambayo coreboot hujitengenezea yenyewe, ile ya `make crossgcc-i386`. Kwenye prosesa ya zamani kweli utasubiri. Lakini unaijenga mara moja, halafu huigusi tena mpaka mradi upandishe toleo. Baada ya hapo, kukompaili bodi moja ni jambo la muda wa kuchemsha chai. Kama mna mtu mwenye mashine yenye nguvu anayeweza kuwafungulia akaunti za SSH za kuitumia kwa mbali, mambo yamekwisha: mnakompaili kule, mnavuta faili la ROM, yaani programu dhibiti iliyokamilika, mnaflashi huku. Msinunue kasi kwa fedha za majaribio.

Laptopu ya majaribio inahukumiwa kwa mambo mengine kabisa. Je, itakubali kuendesha msimbo wetu? Ikifa, naweza kuirudisha? Na la tatu, ambalo wengi hulisahau mpaka wakwame: ikifa, naweza kusikia ilikuwa inasema nini kabla haijafa?

La kwanza linahusu Boot Guard, kufuli la programu dhibiti la Intel, lililokuja na kizazi cha prosesa za Haswell mwaka 2013. Mtengenezaji wa laptopu akiamua kuiwasha, huchoma fyuzi ndani ya chipuseti zenye alama ya ufunguo wake, na kuanzia hapo prosesa inakataa programu dhibiti isiyo na sahihi ya ufunguo huo. Fyuzi ikishachomwa haichomoki. Ndiyo maana laptopu mpya ya kuvutia yenye kila kitu inaweza kuwa haina kazi kabisa kwetu, na hakuna kiraka cha kuiokoa. AMD nao wana mfumo wao wa namna hiyo. Kabla ya kulipia modeli yoyote, tazama orodha ya bodi zinazotambuliwa na coreboot. Kama haipo na mnataka kuileta wenyewe ndani ya coreboot, yaani kuiandikia msimbo, muombe aliye nayo aendeshe `intelmetool -b`, amri itakayokuonyesha hali ya Boot Guard. Jibu la amri hiyo lina thamani kuliko maelezo yote ya muuzaji.

La pili ni chipu yenyewe ya BIOS, ile inayohifadhi programu dhibiti. Unataka iliyo na miguu minane inayoonekana, ambayo klipu inaikamata, na unataka kuifikia bila kung'oa bodi mama yote. ThinkPad X220 ya mwaka 2011 ina chipu moja ya MB 8. X230 ya 2012 inazo mbili, ya MB 8 na ya MB 4, na unazifikia kwa kuondoa kibodi na sehemu ya kupumzishia mikono. Laptopu nyingi za baadaye zina chipu bapa isiyo na miguu, klipu haina pa kushika, na nyingine zinataka volti 1.8 badala ya 3.3. Anayeanza akipewa mashine ya namna hiyo, jioni yake ya kwanza itaishia kwenye kulehemu badala ya kuandika msimbo.

La tatu ndilo ninalotaka ulisimamie kwenye bajeti hata wakikupinga. Laptopu za leo hazina poti ya siriali. Mashine ikifika hadi Linux, hakuna shida: unaandika `cbmem -c` na unasoma logi yote ya coreboot kuanzia mwanzo. Lakini logi hiyo inahifadhiwa kwenye RAM. Kabla RAM haijaanzishwa, coreboot inaishi ndani ya kashe ya prosesa, nafasi finyu sana, na kama uanzishaji wa RAM ndio ulioshindikana, logi inafia pale pale pamoja na mashine. Unabaki na kioo cheusi na feni inayozunguka. Hapo ndipo mtu wa kujitolea anapokata tamaa, kwa sababu hana hata neno moja la kuanzia. Nimepokea mashine zikiwa zimeambatana na ujumbe wa "haiwaki" tu, na nyuma ya neno hilo kulikuwa na mtu aliyekesha akibahatisha gizani.

Dawa zipo na si ghali. Kwenye mashine za kizazi cha X220 na X230, kidhibiti cha USB kina poti moja ya kutolea logi. Ukichomeka BeagleBone Black, kompyuta ndogo ya bodi moja, iliyosanidiwa kwa kazi hiyo, au kibadilishi cha USB cha FT232H, coreboot inaanza kuongea hata kabla RAM haijaamka. Angalizo: ni tundu moja mahususi tu la USB kwenye kila modeli, lazima mlitafute na kulibandika alama. Njia nyingine ni kuiambia coreboot iandike logi kwenye eneo la chipu ya BIOS yenyewe, kisha unaisoma kwa programa, kifaa cha kusoma na kuandika chipu. Ni ya polepole lakini inaokoa.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni haya: nunueni X230 au T430, na kwa wanaotaka kusonga mbele kidogo, T440p. X220 na X230 zinaanzisha RAM kwa msimbo huria mtupu, anayejifunza anaweza kuufuata mstari kwa mstari. T440p ni Haswell, na kwa muda mrefu ilitegemea faili la binari, lisilo na msimbo wazi, la `mrc.bin` kuanzisha RAM, hadi msimbo huria wa kazi hiyo ulipoingia baadaye. Kulinganisha njia hizo mbili kwenye mashine moja ni darasa tosha. Zote zina RAM ya kuchomeka. Hilo nalo lina maana: RAM iliyolehemiwa kwenye bodi mara nyingi haina chipu ndogo inayojieleza, na maelezo yake inabidi uyaweke wewe ndani ya programu dhibiti. Si pa kuanzia.

Na nunueni jozi. Hili nalisema kwa moyo wote. Modeli moja, mashine mbili: moja inabaki na BIOS ya kiwanda bila kuguswa, nyingine ndiyo ya kuumizwa. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kulinganisha. Unaendesha `inteltool` kwenye ile ya kiwanda kusoma rejista na hali ya GPIO (pini za kudhibiti vifaa), unaendesha `autoport` ikuandalie mwanzo wa msimbo wa bodi, unachukua jedwali za ACPI (zinazouelezea mfumo endeshi vifaa vilivyomo), kisha unakuja kwenye ya coreboot na kutazama kimepungua nini. Kwa nini tachipadi haiamki baada ya kulala? Linganisha. Kwa nini betri inaisha haraka? Linganisha. Mwenye mashine moja inabidi arudishe BIOS ya kiwanda kila anapotaka kuuliza swali, na taratibu anaacha kuuliza. Afadhali watu wachache wenye jozi, au watu wawili wanaoishi karibu wagawane jozi, kuliko kila mtu moja ya peke yake.

Kwenye bajeti usisahau programa na klipu kwa kila anayeflashi. Ile programa nyeusi ya CH341A inayopatikana kila mahali ina kasoro inayojulikana: inailisha chipu volti 3.3, lakini nyaya za data zinatoka na volti 5. Siitumii kwenye mashine za mradi. Raspberry Pi Pico yenye programu ya serprog inafanya kazi hiyo kwa volti sahihi, na flashrom, programu ya kuflashia chipu, inaitambua. Klipu nunueni nzuri. Klipu mbovu inateleza katikati ya kuandika, na watu wanaanza kuilaumu chipu. Ongezeni chipu tupu za akiba na adapta za umeme, kwa sababu laptopu za mtumba mara nyingi huja bila adapta na bajeti haikuliona hilo.

---

waya_wa_suzy:

Mtunza kabati amesema vizuri, ila naomba kupinga kidogo. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi navutia upande wa Chromebook.

Unazungumzia kusikia mashine inasema nini? Hakuna laptopu inayosema waziwazi kama Chromebook. Karibu zote zinatoka kiwandani tayari zikiwa na coreboot, na EC yake, kile kidhibiti kidogo kinachoshughulika na kibodi, betri na feni, nacho msimbo wake uko wazi. Kwenye ThinkPad EC ni sanduku lililofungwa, mnaishi nayo hivyo hivyo. Kuanzia zile zenye chipu ya usalama ya Cr50, ukiwa na waya unaoitwa SuzyQ unachomeka kwenye tundu la USB-C na unapata konsoli ya prosesa, konsoli ya EC, na uwezo wa kuflashi, vyote bila kufungua skrubu hata moja. Kuna utaratibu wa kuifungua mara ya kwanza: unaingia hali ya msanidi, unatoa amri, kisha unabonyeza kitufe cha kuwasha kila unapoulizwa kwa dakika chache. Baada ya hapo umepata maabara ndani ya waya mmoja.

Kumbukeni kwamba konsoli ya prosesa itakuwa kimya mpaka mkompaili coreboot ikiwa imewashwa utoaji wa siriali. Watu wengi wanadhani waya wao ni mbovu kumbe ROM ndiyo haijaambiwa iongee.

Kwa kikundi kilichotawanyika, ambacho si kila mtu anaweza kufungua laptopu, mimi ningenunua hizi.

---

mtunza_kabati:

Waya_wa_suzy, hoja yako naikubali zaidi ya nusu. Kwa mtu anayejifunza, au anayefanya kazi kwenye EC, Chromebook haina mpinzani. Ninachoogopa ni kitu kimoja: bodi hizo tayari zimo ndani ya coreboot, zimeandikwa na watu wanaolipwa. Mtu wa kujitolea akikaa nazo atajaribu na kurekebisha, kazi yenye heshima kabisa, lakini hatapita kwenye ile njia ya kuileta bodi ambayo haijawahi kuwaka. Halafu nyingi zina RAM na hifadhi zilizolehemiwa, ikiharibika moja hakuna cha kuhamisha kwenda nyingine. Ningeweka mchanganyiko: jozi za ThinkPad kwa wanaoleta bodi, Chromebook na SuzyQ kwa wanaogusa EC na kwa wageni.

Kitufe, kuna modeli nyingine ya kuzungumza nao kikundini, T480 ya mwaka 2018. Ina Boot Guard, lakini toleo lake la ME, kidhibiti cha Intel kilicho ndani ya chipuseti, lina udhaifu uliojulikana tangu 2017, na udhaifu huo ndio uliotumika kuipita Boot Guard. Libreboot, mradi uliojengwa juu ya coreboot, uliipokea mwishoni mwa 2024. Ni mashine ambayo mtu anaweza kuifanyia kazi zake za kila siku bila kuteseka. Kwa walio upande wa "mpya yenye kasi", hapo ndipo mnapoweza kukutana. Lakini msiifanye ya kwanza kwa anayeanza.

---

daftari_la_mradi:

Mimi nashika upande wa fedha, kwa hiyo nitajibu huko.

Umiliki kwanza. Laptopu ziwe mali ya mradi, nukta. Sisemi hivyo kwa kumshuku mtu. Nasema kwa sababu mashine ya zawadi mtu anaionea huruma, anaanza kuweka picha zake, na baada ya muda haiwezi tena kuflashiwa. Mashine ya mradi anaiumiza kwa amani. Andikeni ukurasa mmoja wenye maneno machache: mashine ni ya mradi, aliyeishika hadaiwi chochote ikifa kwenye majaribio, na asipoigusa kwa muda mliokubaliana anaipitisha kwa mwingine anayeingoja. Kifungu cha pili ndicho muhimu kuliko vyote. Mtu asipoona kimeandikwa kwamba hadaiwi, hatathubutu, na mtakuwa mmerudi pale pale mlipoanzia.

Daftari liwe wazi kwa wote: modeli, namba ya mashine, iko kwa nani, chipu ina nini sasa, nakala ya BIOS yake ya asili imehifadhiwa wapi. Nakala hiyo isomwe mara mbili na kulinganishwa kabla ya kuandika kitu chochote juu yake, kwa sababu ndani yake kuna vitu vya mashine hiyo peke yake, kama anwani ya kadi ya mtandao.

Kuhusu fungu jingine. NLnet ya Uholanzi hutoa ruzuku kwa kazi za programu huria, na ombi la kwanza huwa kati ya euro 5,000 na 50,000. Programu dhibiti wanaielewa, hamtahitaji kuanza kueleza BIOS ni nini. Lakini elewa utaratibu wao: mnakubaliana hatua za kazi, na fedha hutoka hatua ikikamilika. Maana yake laptopu lazima iwe mkononi kabla fedha haijaja. Kwa hiyo fungu mlilo nalo sasa ni la vifaa, na ombi la NLnet liandikwe la kazi itakayofanywa juu ya vifaa hivyo. Yakipangwa hivyo, moja linambeba mwenzake. Hatua ya kwanza iwe ndogo, ile mnayojua mtaimaliza, ili fedha ianze kuzunguka.

Kama hamna taasisi iliyosajiliwa, tafuteni ya kuwashikia fedha. coreboot yenyewe iko chini ya Software Freedom Conservancy. Miradi midogo mingi hutumia Open Source Collective, wanaokata asilimia 10 na kila matumizi yanaonekana na watu wote. Msiwachanganye na Open Collective Foundation, jina linafanana lakini hiyo ilifungwa mwishoni mwa 2024. Google Summer of Code nayo, mpango wa Google wa kuwalipa posho wachangiaji wapya wa programu huria, tangu 2022, haiwabani tena wanafunzi peke yao, na coreboot imeshiriki mara nyingi. Posho yake humwendea mshiriki mwenyewe, msiihesabu kwenye vifaa.

Na kuna njia ambayo watu hawaitumii vya kutosha: kuomba mashine badala ya fedha. Kampuni inapobadilisha laptopu za wafanyakazi wake hutoa nyingi za modeli moja kwa mpigo. Hapo ndipo jozi zinapopatikana. Barua iwe fupi, itaje modeli mnazozitaka kwa majina, na iseme diski hamzihitaji, wabaki nazo. Sentensi hiyo ya diski inafungua milango, kwa sababu kinachowatia hofu kutoa laptopu ni data iliyo ndani yake.

Mwisho, usafirishaji. Betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016, na betri za mtumba zilizovimba hakuna anayezitaka popote. Sisi huagiza mashine bila betri, mpokeaji ananunua betri alipo. Kwa majaribio mengi adapta inatosha.

---

mgeni_wa_bodi:

Samahani kwa kuingilia, mimi si mwanakikundi. Sina laptopu ya pili wala mfadhili, nina hii moja tu ninayoandikia. Je, nisubiri, au kuna pa kuanzia?

---

mtunza_kabati:

Usisubiri hata siku moja, ndugu. Chukua coreboot, kwenye `make menuconfig` chagua bodi ya q35 ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta, kompaili, iendeshe ndani ya QEMU. Utaona logi nzima ikipita kwenye dirisha lako la kuandikia amri, utaweza kusimamisha msimbo kwa GDB, programu ya kutafutia hitilafu, na kufuata hatua zote hadi Linux inapokabidhiwa. Kitu ambacho hutakipata ni uanzishaji wa RAM ya kweli, kwa sababu RAM ya QEMU haihitaji kuamshwa. Flashrom nayo ina programa bandia iitwayo `dummy` inayoigiza chipu, unaweza kurekebisha msimbo wa flashrom bila kugusa kifaa chochote. Kiraka kilichotoka QEMU kinakaguliwa kama vingine vyote. Na ukishakuwa na viraka vyako viwili vitatu vilivyopokelewa, ukaja kuomba mashine kwa kabati lolote lile, jina lako litakuwa linajulikana.

---

kitufe_cha_kuwasha:

Nawashukuru sana, wote. Nimeyapeleka haya kikundini na mabishano yamepungua, hasa walipoelewa habari ya fyuzi: mmoja wao alikuwa tayari amechagua modeli, tukamtafuta mwenye nayo aendeshe `intelmetool -b`, ikaonekana imefungwa. Tungeinunua.

Tumekubaliana hivi: jozi za X230 kwa wanaoleta bodi, T440p moja ambayo itazunguka, Chromebook na waya wa SuzyQ kwa anayeshughulika na EC, na kila anayeflashi apate Pico, klipu na FT232H. Ukurasa wa makubaliano nimeuandika, na kifungu cha "hadaiwi chochote" nimekiweka juu kabisa. Barua ya kuomba mashine za modeli moja inaandaliwa.

Limebaki swali moja. X230 nyingi tunazoonyeshwa na wauzaji zina nywila ya BIOS ambayo hakuna anayeijua, na bei yake iko chini sana. Tuziache?

---

mtunza_kabati:

Msiziache zote. Muulizeni muuzaji ushahidi kwamba zimetoka kwa mwenyewe kihalali, maana nywila ni mojawapo ya dalili za laptopu iliyoibwa, na mali ya namna hiyo isiingie kwenye daftari la mradi kwa bei yoyote. Zikiwa na karatasi zake, coreboot haiijali nywila hiyo. Unaflashi kwa klipu na mashine inawaka.

Ila ziwe zile za kuumizwa, si zile za kubaki na BIOS ya kiwanda, kwa sababu humo kwenye BIOS ya kiwanda hamtaweza kubadilisha mipangilio. Na kuna jambo la kufanya kwa zile zisizo na nywila kabla ya kuziflashi mara ya kwanza: sasisheni BIOS ya kiwanda hadi toleo mlilokubaliana, mashine zote sawa. Msimbo wa EC kwenye ThinkPad hizi husasishwa pamoja na BIOS ya kiwanda, na coreboot ikishaingia haiigusi EC. Mashine mbili za jozi moja zikiwa na EC za matoleo tofauti, mtakuja kutafuta hitilafu ya betri au ya vitufe ndani ya msimbo wenu na haimo. Andikeni toleo la EC kwenye daftari, karibu na namba ya mashine.